Beseni la Kitanda cha Sita

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutazama vinyesi vya watu. Sisemi hivyo ili mcheke, ingawa vijana wa Magongo walinicheka vya kutosha, na mmoja wao alizoea kuziba pua nikipita hata kama nimetoka kuoga. Nilikuwa dresa katika hospitali ndogo upande wa Changamwe. Ilikuwa na wadi mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na katikati yake chumba chembamba chenye meza, rafu ya chupa, na dirisha lililotazama uwanja wa kuanikia mashuka. Hapo mezani ndipo nilipoletewa mabeseni kila asubuhi. Wenzangu walifunga vidonda na kugawa kwinini. Mimi nilifanya hayo pia, lakini kabla ya hayo nilisoma mabeseni.

Aliyenifundisha kuyasoma ni daktari wetu, Mgoa mfupi asiyejua kusema polepole, ambaye aliupenda ugonjwa wa manjano jinsi wanaume wengine wanavyopenda bao. Ilikuwa miaka ya vita. Makambi ya askari yalikuwa yamejaa, bandarini watu walikuwa wanakuja na kwenda, na wagonjwa wa macho ya manjano hawakukosekana wadini. Dresa aliyenitangulia aliwaandika wote neno moja, manjano, akawapa dawa moja, akaketi. Daktari alipoona daftari lake alilitupa dirishani, nikatumwa mimi kuliokota.

"Manjano si ugonjwa," aliniambia siku hiyo. "Ni moshi. Kazi yetu kutafuta moto uko chumba gani."

Nilifundishwa kuanza na macho, tena kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Kuna kuli mmoja aliletwa na nduguze wakilia, ngozi yake njano kama ndimu iliyoiva, nao wamekwisha kumfikiria maiti. Daktari alimvuta kope, akaona jicho jeupe kama tui, akacheka. Mtu yule alikuwa amepewa na rafiki yake askari vidonge vya jeshi vya kuzuia malaria, akavimeza kama karanga, navyo vikampaka rangi. Alirudishwa nyumbani jioni ile ile kwa matusi.

Jicho likiwa la manjano kweli, tulikwenda kwenye mkojo. Niliutia katika bilauri, nikanyunyiza juu yake unga kidogo wa kiberiti upele. Mkojo ukiwa salama unga unaelea, hata ungoje mpaka adhuhuri. Nyongo ikiwa imeingia mkojoni, unga unazama. Watu walidhani ni uganga, na wengine waliomba nirudie mbele ya jamaa zao.

Lakini mwisho wa yote ulikuwa beseni. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi, na daktari alinikaririsha hilo mpaka nikaliota. Choo kikiwa cha kahawia, nyongo inapita, mrija wake uko wazi, na taabu iko ndani ya ini lenyewe. Mwache mgonjwa alale, ale vyepesi, ini litajitengeneza. Choo kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi siku moja au mbili, bado ngoja, maana ini lililovimba huweza kujifunga kisha likajifungua. Lakini kikiwa cheupe siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na mwili unawasha mpaka mtu anajichuna ngozi, basi kuna kitu kimeziba njia, jiwe au uvimbe, na hapo hakuna dawa ila kisu. Kisu hatukuwa nacho. Kilikuwa kisiwani, katika hospitali kubwa, ng'ambo ya Makupa.

"Ukimpeleka kwa kisu mwenye ini bovu, unamwua," daktari alisema. "Ukimchelewesha mwenye jiwe, unamwua vilevile. Nyongo ikikosa kufika tumboni muda mrefu, damu inasahau kuganda. Akikatwa hapo atatoka damu mpaka aishe. Katikati ya makosa hayo mawili tuna beseni tu. Mgonjwa atakudanganya kwa woga. Beseni halidanganyi."

Niliamini neno hilo miaka mitatu.

Sasa niwaeleze habari ya mkwe wangu, na wasiotoka kwetu wanivumilie. Mama mzaa mke wangu alikuwa mwanamke wa upande wa Rabai, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini ukristo wake haukugusa mambo ya ukwe hata kidogo. Tangu nimwoe binti yake sikupata kumtazama usoni kwa kitambo cha kumaliza salamu. Nikimwona njiani, niliingia majanini nikangoja apite. Yeye naye alivuta leso mpaka puani, akageuza bega. Hatukula pamoja. Chumba alicholala sikukanyaga. Nikiwa na neno kwake nilimwambia mke wangu, naye akampelekea, hata kama tumesimama hatua tano. Mtu wa bara jingine ataona ni ukali usio na maana. Mimi niliona ni raha. Miaka minane hatukugombana hata siku moja, na ni wangapi wanaoweza kusema hivyo juu ya wakwe zao?

Mwaka ule vita vilipokuwa vinakaribia kwisha, habari zilitufikia kwamba anaumwa. Kwanza maumivu chini ya mbavu kila alapo chakula cha nazi. Kisha macho. Kisha kuwashwa, mpaka usiku alikuwa anajikuna kwa gunzi la mahindi. Walimpa mizizi, wakamchanja, wakamwombea. Kila mke wangu alipomwambia aje hospitalini kwetu alijibu kwamba hospitali ile ina mkwe wake. Hakuogopa sindano wala kifo. Aliniogopa mimi na meza yangu, kwa maana kazi yangu ilijulikana mpaka Rabai.

Mwishowe mke wangu alimfuata mwenyewe, akamleta juu ya lori la mihogo.

Siku ya kuandikishwa ilikuwa kama mchezo wa kuigiza, nami sikuona pa kucheka. Daktari alikaa kitandani kwa mgonjwa. Mimi, niliyepaswa kusimama karibu kutafsiri, nilisimama nyuma ya pazia la kitambaa nikiutazama ukuta. Mke wangu alikaa katikati.

"Muulize choo chake rangi gani," daktari akasema.

Sikumuuliza. Nilimwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Daktari anauliza habari za tumbo."

"Mama, daktari anauliza habari za tumbo."

"Mwambie tumbo halijambo," mkwe akasema.

"Rangi!" daktari akapiga kelele. "Rangi gani?"

"Anauliza… rangi," nikasema ukutani.

Ikaja sauti ya mkwe wangu, ndogo, ya heshima kabisa: "Ya kawaida, bwana."

Daktari alinifuata chumbani kwangu, uso umemwiva. Nikamweleza ukwe ni nini kwetu, nikamwomba beseni la mama yule lisomwe na mtu mwingine.

"Nani? Mfagiaji? Mimi nina wadi mbili na zahanati." Akatazama kucha zake. "Dresa, hapa hakuna mkwe. Kuna kitanda cha sita."

Ningeweza kushikilia. Ningeweza kumwambia basi nifundishe mfagiaji, bibi mmoja mzaliwa wa Kisauni, mtu mwenye akili kuliko mimi, aliyeyabeba mabeseni hayo kila siku. Lakini nilikuwa nimeringa mno na ujuzi wangu. Kumfundisha mfagiaji kungekuwa kusema kwamba ujuzi wenyewe si mkubwa. Nikakubali.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Utamtazama?"

"Kazi ni kazi."

Alikuwa anasuka ukili, akaendelea kusuka. Kesho yake akaanza kwenda wadini alfajiri, kabla yangu, akisema anampelekea mama yake uji.

Kitanda cha tano, ubavuni mwa mkwe wangu, kililaliwa na mama wa Kitaita, mke wa mfanyakazi wa reli. Huyu alikuja na manjano ya kuambukiza, yale ya ini lenyewe, na beseni lake nililisoma mwanzo hadi mwisho kama hadithi nzuri: jeupe siku nne, kisha rangi ikarudi, kisha kahawia. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti, na amekwisha kupata hamu ya kula. Mumewe alimletea kunde za nazi kila jioni katika bakuli lenye kifuniko.

Asubuhi ya kwanza nilipofunua beseni lenye plasta ya namba sita nilifumba macho kwanza. Nilikuwa nimejiambia kwamba si lake, ni la mtu yeyote. Nilipofumbua niliona kahawia. Nataka niseme kweli: nilishukuru Mungu, na shukrani zile hazikuwa kwa ajili yake tu. Kahawia maana yake hakuna kisu, hakuna safari, na hakuna sababu ya mimi kuendelea kuchungulia. Niliandika upesi, nikafunika.

Siku ya pili kahawia. Ya tatu kahawia. Mkojo wake, alioutoa bila ubishi, ulizamisha kiberiti upele mara moja kama mchanga. Daktari alimbonyeza tumbo, akanyanyua kope, akasoma daftari langu, akakuna kidevu.

"Nyongo mkojoni, nyongo chooni. Mrija uko wazi. Ni ini. Tungoje." Lakini hakuridhika. Siku ya nne alisimama kati ya vitanda viwili akimtazama huyu na huyu. "Tano na sita wana beseni moja," alisema, na maskini hakujua alichosema. "Mbona tano anapona, na sita macho yanakwenda kijani?"

Mfagiaji alikuwa anapangusa sakafu. Bila kuinua kichwa akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alikuwa na tabia ya kumtupia kila mgonjwa methali ile, kwa hiyo hakuna aliyemjali. Leo nafikiri siku ile hakumtupia mgonjwa.

Siku ya tano nikaona maganda ya kunde.

Yalikuwa ndani ya beseni la tano, madogo, mekundu, kama yanavyokuwa kwa mtu asiyetafuna vizuri. Na yalikuwa ndani ya beseni la sita. Mkwe wangu alikuwa anakula uji wa mchele na papai, basi. Mimi mwenyewe nilikiandika chakula chake. Kunde za nazi angezionja tu angejikunja kwa maumivu. Nilisimama mezani na mabeseni mawili wazi, inzi wanazunguka, na nikajua kila kitu. Sikuhitaji kufikiri. Nilijua ni choo cha nani, nilijua ni nani anayekigawa alfajiri, na nilijua cha mkwe wangu kinakwenda wapi kabla sijafika kazini. Nilijua pia kina rangi gani, maana mtu hafichi kahawia kwa kahawia.

Nilikuwa na njia ya kutoka. Hatua kumi na mbili mpaka mlango wa daktari. Lakini kumwambia daktari ni kuwa mimi, kwa kinywa changu, nimesimama mbele ya watu kuzungumza choo cha mkwe wangu, kisha daktari aende pale kitandani, apige kelele zake, afunue shuka, na mama yule ajue kwamba nimemjua. Angetoka hospitalini siku ile ile kwa miguu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia pia kwamba labda ameiba kijiko cha kunde. Nilijiambia nitamuuliza mke wangu jioni. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika: kahawia, ya kawaida.

Jioni sikumuuliza.

Niliandika hivyo siku ya sita, na ya saba, na siku zilizofuata mpaka wiki mbili zikatimia. Baadaye sikufunua tena beseni lile. Niliandika tu. Mtu akiniuliza nilikuwa najisikiaje, nitamwambia niliona aibu, na pamoja na aibu niliona wepesi, wepesi ule wa mtu ambaye ameambiwa shughuli haimhusu. Sisi wawili, mimi na mkwe wangu, tulikuwa tunastahiana kama tulivyozoea, kila mmoja ameingia majanini kumpisha mwenzake.

Mama wa Kitaita aliruhusiwa kwenda kwake. Alimbusu mkwe wangu mikono yote miwili, akacheka, akalia kidogo. Asubuhi iliyofuata beseni la sita halikuja mezani kabisa. Mfagiaji alisema mgonjwa hakupata choo. Siku ya pili vilevile.

Jumamosi ile mchana mke wangu alikuwa uani anachagua mchele katika ungo. Mimi nilikuwa navua viatu. Mikono yake ikasimama.

"Mama anatoka damu," akasema. "Akipiga mswaki. Na leo mto una damu. Pale alipochomwa sindano pana doa jeusi kama sahani."

Nilikaa na kiatu kimoja mguuni.

"Kuna jambo nimelifanya," akasema. Kisha akalisema lote, upesi, akiwa ameinamisha uso katika ungo. Tangu siku ya kwanza cha mama alikuwa akikimwaga chooni alfajiri, na mama wa Kitaita aliwapa chake kwa huruma, kwa kuwa hata kwao Taita wanajua mkwe ni nini. "Mama alisema afadhali afe kuliko wewe umwone hapo. Nikafikiri, choo ni choo, watu wanatupa kila siku. Nikafikiri dawa zitafanya kazi yake."

"Kina rangi gani?" nikauliza.

"Cheupe. Tangu kwao. Cheupe kama chokaa."

Hapo nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nasikia joto masikioni hadi leo. Nilisimama nikamkaripia. Nilimwita mjinga. Nilimwambia amenivunjia kazi, amemdanganya daktari, na kwamba mtu asiyejua jambo asilitie mkono. Nilipaza sauti mpaka jirani akachungulia. Yeye alikuwa anatikisa kichwa tu, akisema, "Ni kweli. Ni kweli, baba watoto." Kila aliposema ni kweli nilizidi kupaza sauti.

Nilirudi hospitalini na kiatu kile kile kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alifungua daftari langu, akapitisha kidole juu ya mstari wa namba sita: kahawia, kahawia, ya kawaida, ya kawaida.

"Na wewe hukuona kitu?"

"Sikuona kitu, daktari."

Alilifunga daftari. Kisha alikwenda mwenyewe wadini, akamwomba mama yule kwa upole ambao sikujua anao, na akaleta beseni mwenyewe, ameshika kwa mikono miwili. Aliliweka mezani kwangu, akaondoka. Nililitazama. Ndiyo mara ya pekee niliyokitazama cha kwake hasa. Wiki mbili na zaidi tulikuwa tumekaa juu ya jiwe tukisubiri ini lipone.

Gari la kumpeleka kisiwani lilipatikana Jumapili asubuhi. Tulimbeba kwa machela, mimi kichwani, mfagiaji miguuni, maana hapakuwa na wengine. Alikuwa mwepesi. Alijifunika leso uso mzima, na mahali pa mdomo palikuwa na doa la damu lililokuwa linaenea taratibu. Tulipomlaza garini alizungumza nami. Ni mara ya kwanza na ya mwisho aliyozungumza nami moja kwa moja, bila mtu katikati.

"Mkwe," akasema chini ya leso. "Niwie radhi. Nimekusumbua kazini."

Nilijibu, "Hapana, mama."

Daktari wa kisiwani alimtia sindano za kuitengeneza damu, akangoja siku nzima, kisha hakuweza kungoja tena kwa kuwa homa ilikuwa imepanda. Alipompasua alikuta mawe, na moja limekaa katika mrija kama kizibo. Alilitoa bila shida. Kazi ya nusu saa, tuliambiwa baadaye, kazi ya kila wiki. Lakini damu haikuganda. Iliendelea kuvuja katika kidonda, katika fizi, puani, usiku na mchana, na siku ya pili mkwe wangu akafa. Barua ya hospitali kubwa kwa daktari wetu ilikuwa ya mistari minne. Alinipa niisome. Mstari wa mwisho uliuliza kwa nini mgonjwa amecheleweshwa. Sijui alijibu nini. Daftari langu aliliweka kabatini mwake, akanipa jipya, na tangu hapo kila beseni la mgonjwa wa manjano alilitazama yeye mwenyewe baada yangu.

Tulimzika kwao. Watu walikuwa wengi, kanisa likajaa, kwaya ikaimba. Habari ya mabeseni ilikuwa imekwisha kufika kabla yetu, kwa njia ambazo habari hufika, nami nilikaa misa yote nikingoja kuadhiriwa. Tulipotoka makaburini kaka mkubwa wa marehemu aliniita mbele ya wazee wenzake. Nilikwenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanishika bega. "Tumesikia. Dada yangu ameondoka duniani na heshima yake nzima. Mkwe mwingine, mwenye kazi kama yako, angechunguza, angeuliza, angemfunua mama wa watu. Wewe hukumfunua. Heshima si utumwa, mwanangu. Binti yetu tumemwoza kwa mtu hasa."

Wazee wakaitikia. Mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipaswa kusema. Nilifungua kinywa kabisa. Nikasema, "Ahsante, mjomba."

Mke wangu alikuwa amesimama na wanawake, si mbali. Alisikia. Huko kwao hakuna aliyemlaumu kwa maneno, lakini tangu juzi hakuna aliyempa mtoto ampakate, wala aliyemwomba asaidie jikoni, na yeye alikuwa anajua kwa nini.

Tulianza kurudi alasiri, kwa miguu, tukishuka kwenda kwenye barabara. Tulizipita nyumba za mwisho. Hapo akasimama.

"Nikuulize jambo," akasema. "Wewe una macho. Watu wote wanasema una macho. Kweli hukujua?"

Alikuwa anatazama chini. Leso ya msiba ilikuwa imemwangukia bega moja, na nikaona amekonda wiki zile bila mimi kuona.

"Sikujua," nikasema.

Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Afadhali," akasema. "Afadhali mmoja wetu."

Akanishika mkono, jambo asilopata kulifanya njiani mbele za watu, tukashuka hivyo mpaka barabara ya magari.